Mbwa Aliyebeba Uhai wa Baba Mkubwa

Mwaka ulikuwa 1997, msimu ulikuwa wa vuli, nami nilikuwa nimetimiza miaka kumi na mmoja bila kukanyaga darasa lolote. Wenzangu wa rika hilo waliokulia kandokando ya ziwa hawahitaji kuelezwa vuli ile ilivyokuwa. Tuliiita El Nino, tukilitamka jina hilo kama la mpangaji mkorofi aliyehamia jirani na asiyeonyesha dalili ya kuhama. Ilianza kama vuli nyingine zote, kwa ngurumo za alasiri na harufu ya vumbi lililolowa. Kisha ikasahau kukoma.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Marehemu mume wangu, aliyefariki tarehe 6 Machi 2023, aliniachia nyumba hii ya Nyakato, hapa Mwanza, heshima yangu, na mbwa mzee aliyezoea kulala nje chini ya dirisha letu. Katika mvua za mwaka huu nilimkuta mbwa huyo amejibanza ukutani, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Nikamfungulia jiko la uani, nikamtandikia gunia kando ya majivu ya mkaa yaliyokuwa bado na uvuguvugu. Manyoya yake yalipoanza kukauka, harufu ikapanda: mbwa aliyelowa, majivu, na samaki, maana siku hiyo nilikuwa nimekaanga dagaa. Mwanangu alipopiga simu kutoka Dar es Salaam nikamweleza, naye akasema, "Mama, huyo mbwa kazeeka. Mwite mtu wa mifugo ammalize, nawe upumzike." Nikamjibu kwamba nina kazi, nikakata simu. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuinuka na kuketi, kufungua dirisha na kulifunga, kwenda uani na kurudi. Nimeona heri niandike.

Mama yangu mzazi aliishi Sengerema, ng'ambo ya ghuba, akilima pamba na mihogo. Dada yake, ambaye mimi namwita Mama Mkubwa, aliishi upande wa Mwanza, kwenye mwalo mmoja ambako mitumbwi ilishusha samaki kila asubuhi. Mwalo huo nitauacha bila jina, kwa kuwa wale nitakaowataja wana watoto na wajukuu pale hadi leo. Nilivushwa kwa feri nikiwa na miaka tisa, kwa makubaliano kwamba nimsaidie Mama Mkubwa kazi za samaki na Januari niandikishwe shule. Januari ikaja, dagaa walikuwa wengi. Januari ya pili ikaja, dagaa walikuwa wengi zaidi. Hakuna aliyekataa nisome. Siku yenyewe tu ndiyo haikufika.

Kazi yangu ilikuwa kulinda dagaa. Walianikwa juu ya mchanga na juu ya majabali makubwa yaliyoinama kuelekea majini, nami nilizunguka tangu asubuhi na fimbo ndefu iliyonizidi kimo, nikifukuza kunguru, korongo, paka na mbwa. Mbwa wa mwalo hawakuwa na mwenyewe. Walikula matumbo ya samaki, wakazaana, wakapigwa mawe, wakazaana tena. Miongoni mwao alikuwapo jike mwekundu mwenye sikio lililochanika, aliyeshuka siku moja kutoka kwenye mtumbwi wa watu wa visiwani akabaki. Wavuvi walimwita Mgeni. Huyo nilimpiga kuliko wote, kwa kuwa alikuwa na akili kuliko wote.

Jioni, dagaa wakishaanuliwa, mbwa na paka walipanda juu ya majabali wakalala palepale walipofukuzwa mchana, bila ugomvi kati yao. Niliwahi kulipapasa jabali moja wakati jua limekwisha kuzama, nikalikuta na joto kama tumbo la mtu. Nikaamua, pasipo kumwuliza yeyote, kwamba ndani ya kila jabali umehifadhiwa moto. Mvua ilipokuja na majabali yakapoa, niliamini kwamba moto huo umezimwa, na nilishangaa kuona watu wazima hawaitishi mkutano juu ya jambo kubwa namna ile. Naieleza imani hii mapema kwa sababu ndiyo iliyozaa ile nyingine.

Bila jua hapakuwa na dagaa wa kuanika, na bila dagaa sikuwa na cha kulinda. Mama Mkubwa aligeukia samaki wa kubanika: alikuwa na tanuri la udongo na mawe nyuma ya nyumba, lililofunikwa kwa mabati, ambalo lilitoa moshi mchana kutwa na kubaki na joto mpaka kesho yake. Baba Mkubwa, mumewe, aliuvuta mtumbwi wake nchi kavu, akaupindua, akasubiri ziwa litulie. Alikuwa mtu mrefu, mwenye maneno machache, asiyempenda mbwa yeyote na asiyemchukia. Mbwa kwake walikuwa kama matope.

Wanyama walikonda. Upepo wa ziwani uliwapitia ubavuni, nao walitembea wamejikunyata, mkia tumboni, wakitafuta paa lolote. Paka walijua tanuri letu kabla ya mbwa. Paka mmoja mwenye jicho moja alilala juu ya mabati hata moto ukiwa unawaka chini yake, na Mama Mkubwa alikuwa akisema, "Huyu siku moja nitamwuza pamoja na sangara, mteja hatajua." Mgeni hakuja tanurini. Alitoweka, na sikujiuliza alikokwenda.

Tarehe 3 Desemba, siku ya Jumatano, Baba Mkubwa alikwenda kuutazama mtumbwi wake pamoja na Magesa, mvuvi wake kutoka Mara, kijana wa maneno mengi. Mimi niliwafuata na kopo la lami. Baba Mkubwa aliinama, akapenyeza mkono chini ya ubavu wa mtumbwi ili auinue, na papo hapo akautoa ukiwa unachuruzika damu. Hakupiga kelele. Aliutazama mkono wake kama mtu anayesoma tangazo.

Magesa alichungulia. "Ni Mgeni," akasema. "Ana watoto humu. Mzee, tazama mate hayo, tazama anavyotetemeka. Huyu ana kichaa."

Neno kichaa lilitembea mwaloni haraka kuliko upepo. Mama Mkubwa alikuja mbio, akaushika mkono wa mumewe, akauosha kwa sabuni ya mche na maji, akaosha, akaosha tena, hata mtu mmoja akasema ameosha vya kutosha naye hakusikia. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walifika na marungu. Walikuwa wamekwisha kuuzunguka mtumbwi wakati mwenyekiti wa kitongoji alipowazuia na kuagiza aitwe bwana mifugo, aliyekuwa kijiji cha pili akitazama ng'ombe.

Bwana mifugo alifika alasiri kwa baiskeli, amevaa koti jeusi la mvua lililomfika vifundoni. Alilala kifudifudi matopeni, akamulika tochi chini ya mtumbwi, akakaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka alisema maneno ambayo nimeyahifadhi hadi leo.

"Msimuue. Mkimuua sasa hatutajua lolote. Afungwe palepale siku kumi, alishwe, anyweshwe, asinyeshewe. Mbwa huyu akiwa hai siku kumi zikiisha, mzee ni mzima. Akifa kabla ya hapo, uhai wa mzee uko mashakani." Kisha akamgeukia Baba Mkubwa. "Na wewe, hospitali ni leo. Sindano zianze leo, usingoje mbwa."

Mwenyekiti alikohoa, akaongeza la kwake mbele ya watu wote. "Basi nami natamka. Huyu mbwa akifa, hapa mwaloni hatutabakiza mbwa wala paka."

Watu wazima walisikia habari ya ugonjwa. Mimi nilisikia jambo jingine kabisa. Kama moto unaweza kuhifadhiwa ndani ya jabali, sikuona kwa nini uhai wa mtu usiweze kuhifadhiwa ndani ya mbwa. Mgeni alipouma, alichukua uhai wa Baba Mkubwa, nao sasa ulikuwa ndani yake, chini ya mtumbwi, unapigwa na baridi. Bwana mifugo alikuwa amelieleza hilo waziwazi. Nilichoshindwa kuelewa ni kwa nini walimpeleka hospitali Baba Mkubwa wakamwacha mbwa.

"Nani atamtunza?" mwenyekiti akauliza. Wanaume walitazama ziwa. Mimi sikuwa na haki ya kusema mbele ya wakubwa, kwa hiyo niliinua fimbo yangu juu.

"Haya, kapatikana," Magesa akasema. "Miaka miwili anawapiga, leo anawaombea kazi ya uyaya. Na jina lenyewe Kabula, mtoto wa mvua. Mrudisheni Sengerema mwone kama kesho hakuwaki jua."

"Magesa, nyamaza," Mama Mkubwa akasema. Alikuwa akimfunga mumewe kitambaa.

Bwana mifugo alimvika Mgeni kamba mwenyewe, kwa ustadi, akaifunga kwenye kigingi. Akaniita kando. Akanikataza kumgusa Mgeni, na hasa kinywa chake. Kila kitu nikisukume kwa fimbo, kisha ninawe kwa sabuni. Hivyo fimbo iliyokuwa ya kufukuzia mbwa ikawa ya kuwatandikia. Niliukinga ubavu wa mtumbwi uliotazama ziwa kwa mabati mabovu na mawe, nikaacha mlango upande wa nchi kavu. Chini niliingiza vipande vya mbao ili Mgeni asilale kwenye unyevu, na juu ya mbao nikasukuma gunia la pamba nililolijaza nyasi kavu kutoka darini. Watoto wake watatu walijaa ndani ya tenga moja la samaki. Chakula kilikuwa mchuzi wa mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kutolewa, niliochemsha na pumba. Na kila jioni nilichukua mawe mawili kutoka ukingoni mwa tanuri, nikayazungushia majivu na matambara mpaka mkono wangu uliweza kuyavumilia, nikayasogeza karibu na mgongo wake. Niliamini narudisha moto uliozimwa.

Paka mwenye jicho moja aligundua mawe hayo siku ileile. Aliingia chini ya mtumbwi bila kubisha hodi, akajilaza kati ya jiwe na watoto wa mbwa. Mgeni alimtazama, akaona hana faida ya kugombana. Baadaye wakaja paka wengine wawili. Nilipochungulia asubuhi nilikuta rundo moja la manyoya linalopumua kwa pamoja, na mvuke ukitoka juu yake.

Lakini mimi sikutulia. Baba Mkubwa alikuwa amerudi kutoka hospitali, amechomwa sindano ya kwanza na kupangiwa nyingine, na barabara ilikuwa inakatika na kuungwa kila baada ya mvua. Nilikuwa na wagonjwa wawili wenye uhai mmoja. Baba Mkubwa akipiga chafya, nilitoka mbio na jiwe la moto. Mgeni akibakiza chakula, nilirudi mbio kutazama kama Baba Mkubwa amemaliza ugali wake. Nilisimama mlangoni nikihesabu matonge yanavyoingia.

"Mtoto huyu ana nini?" Baba Mkubwa akamwuliza mkewe. "Kila nikila ananitazama mdomo."

"Ana njaa tu."

"Amekula sasa hivi."

Sikueleza. Msomaji wa siku hizi anaweza kuuliza mtoto alishindwa nini kufungua kinywa. Kwetu mtoto hatamki kifo cha mkubwa wake mbele ya uso wake, hata kwa nia njema, hata kwa kuuliza. Kukitamka ni kumchuria, ni kama kukionyesha njia. Ningesema, "Baba Mkubwa, uhai wako umo kwa mbwa," ningekuwa nimemwambia kwamba anaweza kufa, na lau angekufa, ningekuwa mimi niliyeanza. Nilibaki na siri iliyonizidi kimo kuliko fimbo.

Kwa hiyo nyumbani walinielewa vibaya, na siwalaumu. Waliona mtoto wanayemlisha akimpikia mnyama aliyemjeruhi mwenye nyumba. Waliona namwachia mbwa gunia zuri. Jirani mmoja, mama mwuza maandazi, alisimama uani akasema kwa sauti ya kusikika ndani, "Wengine wakiumwa huuguzwa na watoto. Wengine mtoto anamwuguza aliyewauma." Usiku ule Mama Mkubwa hakuniita kuja kula. Nilikwenda mwenyewe, nikala haraka, nikaondoka.

Kisha ikaja mvua ya mawe. Ilianza mchana, ikapasua majani ya migomba, ikatoboa mabati mabovu niliyoyaweka, na upepo ukageuka ukaanza kuingia kwa upande wa mlango niliouacha. Nilipofika mtumbwini maji yalikuwa yamepanda juu ya mbao. Mawe yangu yalikuwa baridi kabisa. Mgeni alilala ubavu, miguu imenyooka, na nilipomsogezea mchuzi hakuinua kichwa. Hata mtetemeko ulikuwa umekoma, na kukoma huko kuliniogopesha kuliko kutetemeka kwenyewe.

Nilikimbilia nyumbani nikiwa nimekwisha kujua nitakachokikuta, na nilikikuta. Baba Mkubwa alikuwa kitandani, amefunikwa mablanketi mawili na kanga tatu, naye ndiye sasa aliyekuwa anatetemeka. Mama Mkubwa alikuwa akimbembeleza anywe dawa. Homa ile ilikuwa malaria, na mbu wa El Nino hawakumbagua yeyote, lakini mimi niliona tu kwamba mtetemeko umehama kutoka mwilini mwa mbwa ukaja mwilini mwake.

"Mama Mkubwa," nikasema, "naomba nimlete Mgeni kwenye tanuri."

Aligeuka polepole. "Rudia."

"Naomba nimlete kwenye tanuri. Amepata baridi."

"Samaki wangu walale na mbwa? Nani atawanunua? Na baba yako huyu hapa, humwoni?"

"Namwona. Ndiyo maana."

Baba Mkubwa alifumbua macho. "Mwache," akamwambia mkewe kwa sauti iliyochoka. "Mtoto anampenda huyo mnyama kuliko mimi. Ndivyo alivyo." Akageukia ukutani.

Nimesikia maneno mengi makali maishani, mengine kwenye vikao vya mirathi ya mume wangu, na nilisimama wima. Maneno yale laini ya mtu mwenye homa ndiyo yaliyoniinamisha. Nikatoka kwenye mvua.

Samaki walikuwa wamekwisha kutolewa tanurini, ila udongo ulikuwa bado unahema joto. Nilikwenda mtumbwini, nikafunga kamba kwenye tenga la watoto, nikalivuta matopeni. Watoto walilia. Mgeni aliinua kichwa. Nikavuta tena, wakalia tena, naye akasimama kwa miguu inayopishana. Nikaking'oa kigingi kwa ncha ya fimbo, nikaikanyaga kamba yake isiponyoke mpaka nilipoishika mwishoni, na hivyo, mimi mbele nikivuta nikiwa nimelowa mpaka mifupani, tenga katikati, mama mtu nyuma, tulipanda hadi nyuma ya nyumba. Alipolifikia tanuri alijilaza mdomoni mwake, pale majivu yanapotolewa, akatoa pumzi ndefu. Paka mwenye jicho moja alishuka kutoka juu ya mabati akajikunja tumboni mwake. Niliketi mbali kidogo, fimbo mapajani, nikiutazama ubavu wake ukipanda na kushuka, na ulipochelewa kupanda, nami niliacha kupumua.

Mama Mkubwa alitukuta hapo alfajiri. Nilisikia kandambili zake, nikajiandaa kufukuzwa. Alimtazama Mgeni. Kisha akachuchumaa, akachukua gogo, akalisukuma ndani ya makaa, akalipuliza mpaka likashika.

"Nataka huyu mbwa aishi kuliko unavyotaka wewe," akasema bila kunitazama. "Tangu siku ile silali. Lakini nikija huku mchana watu watasema nimekwisha kumhesabu mume wangu miongoni mwa wafu." Akafuta macho, akasingizia moshi. "Ukiulizwa, gogo umeweka wewe."

Jua lilipokuwa linajaribu kutoka, Mgeni alilamba mchuzi mpaka sufuria ikasogea. Muda si mrefu Baba Mkubwa aliita kutoka ndani, akataka uji, na jasho lilikuwa limemtoka. Watu wazima walisema dawa imefanya kazi. Mimi sikubishana nao.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, tarehe 13 Desemba 1997. Mvua ilikuwa imepumzika, na ukungu ulitanda juu ya maji hata hatukuona mitumbwi ya jirani. Tulikusanyika chini ya banda la kupimia samaki: mwenyekiti kwenye kiti pekee, sungusungu na marungu yao, wanawake upande mmoja, Baba Mkubwa amesimama karibu na nguzo, mkono wake umefungwa kitambaa safi. Bwana mifugo alifika kwa miguu, suruali imekunjwa mpaka magotini, kwa kuwa daraja lilikuwa limekwenda na maji.

Niliitwa. Nilimleta Mgeni kwa kamba, watoto watatu wakimfuata kwa kuyumbayumba, na nyuma yao, bila kualikwa, yule paka. Watu walirudi nyuma hatua moja.

"Weka fimbo, binti, mwache atulie," bwana mifugo akasema. Sikuona pa kuiweka, na Baba Mkubwa akanyoosha mkono wake mzima, akanishikia.

Bwana mifugo alimzunguka Mgeni, akamtazama macho, akamsogezea bakuli la maji. Mgeni alikunywa mbele ya watu wote, kwa kelele, mpaka chini.

"Angekuwa na ule ugonjwa siku aliyouma, leo tungekuwa tunafukia mzoga," akasema. "Mbwa huyu ni mzima. Alikuwa mzazi mwenye njaa na baridi, mtu akaingiza mkono kitandani mwake. Mzee, sindano zilizobaki huzihitaji."

Mama Mkubwa alikaa chini, palepale kwenye sakafu yenye magamba ya samaki, na kanga yake nzuri. Mwenyekiti aliinua mkono. "Basi mbwa na paka wa mwalo wataachwa, na mbwa watachanjwa dawa itakapoletwa. Lakini kila mbwa awe na mwenyewe. Huyu ana mwenyewe?"

Hapo niliona kwamba wanakaribia kumaliza na wamesahau jambo kuu. Nikasogea mbele.

"Shikamoo, bwana mifugo."

"Marahaba, binti."

"Utamrudishia saa ngapi Baba Mkubwa uhai wake?"

Aliinama. "Uhai gani?"

"Ule uliomo kwa Mgeni. Nimeutunza. Ulipata baridi siku moja tu, ile ya mvua ya mawe, nami nikaupeleka kwenye tanuri ukapona."

Walicheka. Magesa alicheka mpaka akalazimika kukalia kreti. Sungusungu waliegemea marungu yao wakicheka, mwenyekiti akafunika mdomo kwa kofia. Mimi nilimtazama Baba Mkubwa, kwa sababu uhai ulikuwa wake, na yeye hakucheka.

"Ndiyo maana ulikuwa unanitazama nikila," akasema.

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

"Na siku ile ya homa. Ulisema unaniona, ndiyo maana."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuchuria."

Kicheko kilikatika kidogo kidogo, kama mvua inavyokatika juu ya bati. Baba Mkubwa aliondoka kwenye nguzo akaja akasimama kando yangu. "Mwenyekiti," akasema, "mbwa huyu ni wa nyumbani kwangu. Na watoto wake. Na huyo paka naye, maana naona hatabaki nyuma."

"Mtunzaji?"

"Kabula."

Bwana mifugo akanitazama, kisha akawatazama wao. "Mtoto wa namna hii mwalimu wake angefurahi kusikia habari hii. Yuko darasa la ngapi?"

Mama Mkubwa, pale chini, alianza kufuta magamba kwenye kanga yake. Baba Mkubwa aliitazama fimbo yangu mkononi mwake.

"La kwanza," akasema. "Anaanza Januari."

Hivyo ndivyo nilivyopata habari hiyo, kwa wakati mmoja na wavuvi, wauza maandazi na sungusungu wa mwalo mzima. Sikuiamini. Nilikwisha kusikia habari za Januari.

Mwenyekiti aliuliza kama yupo mwenye neno, hakuwapo. Akasema shauri limekwisha, akasimama, na kiti kikachukuliwa. Matone ya kwanza yalianza kugonga paa la banda.

"Mpeleke kwenye tanuri kabla hajalowa," Baba Mkubwa akaniambia.

Nikaishika kamba ya Mgeni kwa mkono mmoja, na mkono wa pili nikaunyoosha kuchukua fimbo yangu ya kulindia dagaa. Baba Mkubwa alikuwa bado ameishika. Aliitazama, akanitazama, akaitia kwapani, akatembea nayo kuelekea nyumbani, wala hakunirudishia.